Mwiko Uliolala Kifudifudi

Msomaji mmoja amenitumia ujumbe akaniuliza: "Kama marehemu mama mkwe wako alikuwa mwema kiasi hicho, mbona kila wiki unaandika kama mtu anayeomba radhi?"

Leo namjibu. Wiki tano nimekuwa nikiizungukazunguka Jumapili moja kama paka na chungu cha moto. Leo natia mkono.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza, mambo yalikuwa hivi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa na fundi wa majokofu, nikazaa wasichana wawili, nikawa mtu wa nyumbani. Miaka minane dunia yangu ilikuwa jiko la gesi, sinki linalovuja na dirisha lenye nondo. Watu wakimuuliza mume wangu mkeo anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko nyumbani tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyokuwa ikiamka saa kumi na moja alfajiri, ikapika uji, ikafua sare, ikasugua masufuria, ikawaza mchana tutakula nini, na ikishajua mchana, ikaanza kuwaza usiku.

Mama mkwe wangu tuliishi naye. Alikuwa mpishi haswa. Aliwalea wanawe wawili kwa kuwapikia wafanyakazi wa kiwanda cha magunia, na nyumba yetu ilikuwa na sheria moja aliyoiweka mume wangu: hakuna chungu kinachokwenda mezani kabla mama hajaonja. Hata akirudi na njaa ya kumtoa roho, ataketi, atashika kijiko, kisha atauliza, "Mama ameonja?"

Mwaka mmoja kabla ya Jumapili hiyo mama aliugua homa kali. Ilimwachia uhai ikaondoka na pua na ulimi. Hakusikia harufu, hakusikia ladha, na hakumwambia mtu. Mimi nilijua siku maharage yalipoungua nyuma ya mgongo wake. Moshi umejaa jikoni, yeye ameketi kwenye kigoda anamenya vitunguu.

"Mama, yanaungua."

"Nilisinzia, mwanangu," akasema, na kisu kinatembea mkononi.

Sikuuliza. Siku ya pili yake nilianza kuuweka mwiko juu ya mfuniko. Mwiko ukilala chali, chakula kiko sawa. Ukilala kifudifudi, kinataka chumvi. Hatukuwahi kukubaliana kwa mdomo. Aliutazama siku ya kwanza, akautazama siku ya pili, siku ya tatu akasema kwa sauti ili mwanawe asikie sebuleni, "Ongeza chumvi kidogo tu." Kuanzia hapo macho yangu yakawa ulimi wake. Mwaka mzima hakuna aliyegundua.

Kisha ikaja kazi.

Mpishi mkuu wa shule ya bweni ya mtaa wa pili alikula maharage niliyopeleka kwenye mkutano wa wazazi shuleni kwa binti yangu, akaniita kando. Alikuwa na nafasi jikoni kwake. Wanafunzi mia nne, masufuria makubwa ya kumtosha mtoto kuogea, mshahara wa mwezi, na aproni yenye jina la shule kifuani. Nilirudi nyumbani nikitembea kama sina mifupa.

Mume wangu hakukataa. Angekataa ningejua pa kugombana. Yeye alisema, "Mama akikubali kushika jiko mchana na kuwaangalia watoto, mimi sina neno."

Mama akajibu, "Mimi jiko nimestaafu."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kwa nini. Siku nitakapotoka, nani atamlazia mwiko?

Basi nikakwama. Mlango haukuwa umefungwa na mtu mbaya ambaye ningemchukia. Ulikuwa umefungwa na siri ya bibi kizee, na ufunguo ninao mimi.

Jumamosi, mume wangu akiwa kazini, mpishi mkuu akanipigia simu.

"Dada, nataka jibu. Jumatatu saa moja kamili asubuhi uwe getini. Ukichelewa, nina mwingine anasubiri."

Nikasema, "Nitakuja."

Sijui nilisemaje. Mdomo ulitangulia, na mume wangu sikumwambia. Mama alikuwa hapo hapo kwenye kigoda anachagua mchele. Alisikia. Hakuinua kichwa, alitoa tu kijiwe kimoja akakitupa nje ya dirisha.

Jumapili akaja wifi yangu.

Wifi huyu ndiye dada mkubwa wa mume wangu. Nyumbani wanamwita Hakimu, kwa sababu jambo likifika kwake limekwisha. Aliingia na mkoba wake, akavua viatu, akaja kusimama mlangoni mwa jikoni, bega moja kwenye fremu, akisimulia majirani zake wa ghorofani mmoja baada ya mwingine.

"Wifi, leo unatulisha nini?"

"Mchuzi wa nyama na wali."

"Nyama unaichemsha kama unakimbizwa na nani? Mama, mwambie apunguze moto."

"Muache na jiko lake," mama akasema.

Nilionja. Na hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri, maana nimeshajidanganya mara nyingi kuhusu dakika hii. Mchuzi ulikuwa umekaa vizuri kuliko siku zote. Haukutaka hata chembe.

Nikaulaza mwiko kifudifudi.

Nilijiambia ni kwa faida yake. Wakijua, watamhurumia. Wakimhurumia, watatafuta mtu wa kusaidia mchana. Akipatikana mtu, na mimi nitatoka. Hesabu yangu ilikuwa imenyooka kabisa, na kila mtu ndani yake alikuwa anafaidika. Lakini chini ya hesabu kulikuwa na kitu kingine, nacho kilikuwa hasira tu. Miaka minane ya "tu."

Mama akaja na kijiko chake, akachota, akapuliza, akaonja. Macho yakaenda kwenye mwiko.

"Chumvi iko mbali," akasema.

Akachukua mwenyewe kopo, akatia, akakoroga. Nikaupokea mwiko, nikaupangusa, nikaurudisha juu ya mfuniko. Kifudifudi.

Akaonja tena. Akatazama.

"Bado."

"Mama kwa chumvi hajambo," wifi akasema kutoka mlangoni. "Kiwandani walikuwa wanakunywa ndoo nzima ya maji baada ya kula kwako."

"Walikuwa wanatoka jasho. Jasho linataka chumvi."

Akatia mara ya pili. Nikaupokea mwiko. Mkono wangu ulikuwa na nafasi ya kuulaza chali. Nasema hivi kwa sababu mtu akinihurumia asije akasema nilipitiwa. Nafasi ilikuwepo, tena ndefu.

Nikaulaza kifudifudi.

Safari hii mama alionja, akautazama mwiko, halafu akanitazama mimi. Si kwa muda mrefu. Kama mtu anayemtazama aliyemgongea mlango. Kisha akachota chumvi kiganjani, akaimwaga yote.

"Pakueni," akasema.

Mezani mume wangu akashika kijiko.

"Mama ameonja?"

"Ameonja mara tatu," wifi akasema. "Mimi shahidi."

Binti yangu mkubwa ndiye aliyetangulia. Alikuwa na miaka saba. Alitafuna kidogo, akaacha, akasema kwa upole, "Mama, mchuzi unauma."

Wifi akatema kiganjani. Mume wangu alimeza, nikamwona anavyomeza, akafuatisha na maji.

"Nani ametia chumvi hii?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu asubuhi, ya huruma na ya busara. Hayakutoka hata moja.

"Mimi," mama akasema.

"Mama, onja," mume wangu akasema.

Akaonja. Akatafuna taratibu, akameza, uso umetulia kabisa. Akachota kijiko cha pili. Akachota cha tatu. Hakujua pa kuacha, jamani. Alikuwa anasoma nyuso zetu na nyuso hazikumwambia kitu, kwa hiyo alikula kama mtu anavyokula chakula kizuri, ili ionekane hakuna neno.

"Mama, acha," wifi akasema, akamvuta sahani.

"Kwani kuna nini? Mimi naipenda hivi."

 Binti yangu mdogo alikuwa anakula wali mkavu kwa vidole, yeye na Mungu wake.

Wifi akamtazama mume wangu. Nikajua Hakimu ameketi.

"Ametia mara tatu," akasema kwa sauti ya chini, kama mama hayupo. "Nilimwona kwa macho yangu. Anatia, anasahau, anatia tena. Na juzi alinipigia simu mara mbili kunieleza jambo lile lile."

"Mara ya kwanza simu ilikatika," mama akasema.

"Mama, tulia kwanza."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Nilitaka wajue ulimi umekufa. Wao wameelewa kichwa ndicho kimekufa.

Mume wangu aliweka kijiko chini. Alikuwa mweupe midomoni.

"Na mimi nilitaka kumwachia watoto," akasema. "Na gesi. Jamani, na gesi." Akanigeukia. "Mama watoto, ile habari ya shule imekwisha. Umeona mwenyewe. Hapa hapawezi kukaa bila mtu."

"Lakini..."

"Si uko nyumbani tu? Kaa. Mwangalie mama."

"Hapana," wifi akasema. "Mke wako ana watoto wawili, atamwangalia nani kwanza? Mama anaondoka na mimi leo. Kwangu kuna nafasi."

"Kwako ni ghorofa ya nne," mama akasema.

"Kuna upepo mzuri, mama."

"Nitaushuka lini huo upepo?"

 Wifi alikwishainuka, anatafuta begi.

Nilimfuata mama chumbani. Alikuwa ameketi kitandani anakunja kanga zake, anazipiga pasi kwa kiganja. Nikafunga mlango. Nikapiga magoti, nikaona hata kupiga magoti ni uongo, nikasimama.

"Mama."

"Nipe ile ya kijani hapo juu."

Nikampa.

"Mara ya kwanza nilikuamini," akasema. Hakuniangalia. "Mara ya pili nilikuamini. Mara ya tatu nikakutazama."

"Mbona ukatia, mama?"

"Wifi yako alikuwa mlangoni. Ningekuuliza nini mbele yake?"

Mpaka leo nikiwa nakatakata kitunguu na machozi yananitoka, watu hudhani ni kitunguu. Sentensi ile ndiyo inayonitoa machozi. Alijua namvua nguo, akaona aibu kwa niaba yangu.

"Nitakwenda kuwaambia," nikasema. "Sasa hivi."

"Utawaambia nini? Kwamba mama yao hajui tena ladha ya mate yake? Aliyewalisha watu mia mbili?"

"Watakupeleka ghorofani, mama. Watakufanya mtoto."

"Mtoto analelewa. Mpishi asiyeijua chumvi, yeye ni nini?" Akafunga kanga ya kijani fundo. "Kaa kimya. Umeshasema ya kutosha leo."

Sikukaa kimya. Kwa mara ya kwanza siku ile nikafanya jambo la kweli, na hilo nalo likaharibika.

Nilitoka sebuleni. Mume wangu na wifi walikuwa wanapanga dawa zake kwenye mfuko wa plastiki. Nikasema nimesimama, mikono nyuma, kama mwanafunzi.

"Mama hana ugonjwa wa kusahau. Tangu ile homa hasikii ladha wala harufu. Kila siku naonja mimi, ninampa ishara kwa mwiko. Leo nilimpa ishara ya uongo. Mara tatu. Kwa makusudi."

Mfuko wa dawa ukabaki wazi mkononi mwa wifi.

"Kwa makusudi kwa nini?" mume wangu akauliza.

"Ili mjue. Ili nipate kutoka."

Alinitazama kama anatazama jokofu ambalo ameshalifungua lote na bado haoni hitilafu. Kisha akaita.

"Mama. Njoo kidogo."

Mama akaja na begi lake. Aliketi kwenye kiti chake cha siku zote, begi magotini.

"Mama, huyu anasema ulimi wako haufanyi kazi. Anasema mnapeana ishara na mwiko. Anasema leo amekudanganya akikusudia tukuone umechanganyikiwa. Ni kweli?"

 Nilimwomba kwa macho. Neno moja tu, mama, useme "kweli," wanichukie mimi, wewe ubaki kwenye kiti chako.

"Mwiko?" akasema. "Mwiko gani? Mimi nilitia chumvi kwa mkono wangu. Sijui mtoto huyu anaongea nini. Labda amechoka."

"Mama," nikasema.

"Umechoka, mwanangu. Kupika kila siku kunachosha."

Wifi akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya chini, na Hakimu akishusha sauti, afadhali akupige.

"Kwa hiyo hiyo kazi ya kupakua maharage inakuuma kiasi cha kumzulia mama mkwe wako? Mgonjwa?"

"Wifi, mpe limau. Mpe kitu chochote alambe, utaona."

"Nimpime mama yangu mbele yako? Kama mtoto wa chekechea?"

 Ndiyo mara ya kwanza nilipoona hasira ya mume wangu bila maneno, na ilijaza chumba chote. Alikuwa ananitazama mikono.

Wasomaji, nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Angekubali, angebaki nyumbani kwake na wajukuu zake, kwenye kigoda chake, chini. Alikana. Alichagua kuitwa asiye na akili kuliko kuitwa asiye na mkono wa kupika. Mimi ndiye niliyemfikisha mahali pa kuchagua.

Wifi akachukua begi. Watoto wakamkumbatia bibi yao. Mdogo alimuuliza, "Unarudi kesho?" Mama akamwambia, "Wewe kula, ukue." Mume wangu alimshika mkono mpaka kizingitini. Gari la wifi lilikuwa nje, mlango wazi.

Mimi nilisimama karibu na meza na sahani zile zote zimejaa, mchuzi umeanza kuganda juu.

Mama akafika mlangoni. Akasimama. Akageuka, akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Mwanangu," akasema, mbele ya wote, kwa sauti yake ile ile ya kuagiza kitunguu. "Kesho usichelewe. Alisema saa moja kamili."

Kisha akatoka.

Mpaka anaingia kaburini sikuwahi kumuuliza. Alisema kwa wema, ananisukuma nje nitoke kabla mlango haujafungwa? Au aliniacha uchi sebuleni, kama nilivyomwacha yeye mezani? Kuna siku naamka nikiwa na jibu moja, na siku nyingine naamka na jibu la pili. Aliyelijua jibu hayupo.

Siku ile sikupata nafasi ya kuwaza. Gari liliondoka. Mume wangu alibaki kizingitini ametazama barabara, mpaka sauti ya injini ikaisha.

"Nendeni chumbani," akawaambia watoto.

Wakaenda.

Alifunga mlango wa mbele. Akazungusha ufunguo, akauchomoa, akautia mfukoni mwa shati. Mlango ule hatukuwahi kuufunga kwa ufunguo mchana. Akasogeza sahani ya mama pembeni, akaketi kwenye kiti cha mama, akaweka viganja vyote viwili mezani.

"Saa moja kamili," akasema. "Nani alisema? Na wewe ulimjibu nini?"